Nilivyoacha Kuzimua

Januari kwa fundi cherehani wa Moshi ni mwezi wa sare za shule. Kaptura, sketi, mashati meupe, beji za kubandika. Wazazi wanaanza kufika barazani kabla jua halijapanda. Januari ile, miaka mitatu iliyopita, nilikuwa nafika kwenye baraza langu Mbuyuni mapema kama wenzangu, lakini cherehani siigusi mpaka nizimue. Sababu ilikuwa sindano. Bila pombe tumboni, mkono wa kulia ulitikisika kiasi kwamba uzi haupiti kwenye tundu. Nilimwita kijana ninayemfundisha kazi anitungie, nikisingizia macho. Nikishashusha chupa ndogo ya pombe kali, robo saa haiishi mkono umetulia na kazi inakwenda.

Kuzimua kila mnywaji anakujua. Umeamka kichwa kinagonga, unatafuta supu na bia moja, na wenzako wanakwambia dawa ya moto ni moto. Kwa mtu anayekunywa mara moja moja linaishia hapo. Kwangu ilifika mahali asubuhi bila kuzimua haianzi kabisa, na mimi niliendelea kuamini kwamba mkono unatikisika kwa sababu sijanywa. Miaka miwili nzima niliamini hivyo.

Mbege, pombe yetu ya ndizi, siilaumu. Nimezaliwa Kibosho, na nyumbani kwetu mbege ilikuwa chakula, salamu na sala. Bibi yangu alipika ndizi zilizoiva, akaziacha zichachuke, akachanganya na ulezi na gome la msesewe lile chungu. Watu walikunywa jioni, kwa zamu, kata inazunguka, wazee wakizungumza mambo ya ukoo. Mtu akizidisha anaambiwa mbele ya watu. Mimi niliharibikiwa mjini, nikiwa na hela yangu mwenyewe mfukoni na hakuna mzee wa kunitazama. Vilikuja viroba, vile vipakiti vya plastiki vya pombe kali. Kimoja kinakaa mfuko wa shati, unakichana kwa meno huku unakata kitambaa, hakuna anayekuona. Serikali ilipovipiga marufuku Machi 2017, mke wangu alifurahi sana, akaamini nimepona. Nilihamia kwenye chupa.

Dalili zilikuja taratibu, na kila moja niliitafutia jina lingine. Asubuhi nikipiga mswaki natapika maji ya njano: hivyo ni vidonda vya tumbo. Jasho la usiku linalolowesha shuka: malaria. Nilinunua dawa za malaria duka la dawa mara tatu ndani ya miezi minne, na mara moja tu ndipo nilipima, na kipimo hakikuonyesha malaria. Kichwa kikiuma nameza panadol juu ya bia. Sikujua kwamba panadol kwa wingi, kwenye ini la mtu anayekunywa kila siku, ni mzigo juu ya mzigo.

Kilichonitisha ni miguu. Cherehani yangu ni ya kukanyaga. Siku moja nilikuwa napindisha sketi, nikasikia mashine imesimama, nikamgombeza kijana kwamba amegusa mkanda. Akaniambia, “Fundi, mguu wako uko chini.” Nikatazama. Mguu wa kushoto ulikuwa umeteleza kutoka kwenye pedali na mimi nilidhani bado nakanyaga. Vidole vilikuwa na ganzi kama vimefungwa kitambaa kizito. Jioni ile ile binti yangu wa darasa la tano, tukiwa tunakula, alinitazama usoni akasema, “Baba, macho yako yamekuwa ya njano.” Mama yake hakusema kitu. Aliinuka akaleta taa ya simu, akanimulika jicho moja, kisha la pili, akakaa chini.

Kesho yake tulikwenda zahanati. Daktari alikuwa dada mdogo kwangu kiumri. Akaniuliza nakunywa kiasi gani. Nikasema kidogo, za kawaida. Hakubishana. Alichukua kalamu akasema, “Kaka, tuhesabu jana tu. Ulivyoamka mpaka ulivyolala.” Mke wangu alikuwa amekaa pembeni, sikuweza kudanganya. Ilikuwa chupa ndogo ya mililita 200 asubuhi na bia sita jioni. Akaandika: bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina karibu gramu 20 za kilevi chenyewe, mara sita ni 120. Ile pombe kali ya asilimia 35 inaongeza gramu 55 hivi. Gramu 175 kwa siku moja ambayo mimi niliiita ya kawaida. Mimi ni mtu wa vipimo, maisha yangu yote ni kiuno, bega, urefu wa mkono. Ile karatasi iliniingia kuliko mahubiri yote niliyowahi kusikia.

Aliniuliza pia kama nimewahi kutapika damu au kupata choo cheusi kama lami. Hapana. Akanituma hospitali kubwa kwa vipimo vya damu na altrasaundi. Majibu yalionyesha ini limevimba na limejaa mafuta, na vimeng'enya vya ini viko juu sana, lakini makovu yale ya ini lililosinyaa hayakuonekana bado. Alinieleza kwamba ini halipigi kelele. Linaumia miaka mingi kimya, na likifikia kujaa makovu halirudi lilivyokuwa, ila likiwa bado katika hali kama yangu, mtu akiacha pombe kabisa linaweza kujirekebisha. Ganzi ya miguu alisema ni mishipa ya fahamu, kwa sababu pombe inaidhuru na tena inamkosesha mnywaji vitamini, hasa B1.

Kisha akasema jambo ambalo sikulisikiliza, na ndilo lililonifanya niandike haya yote. Alisema, “Usiache ghafla ukiwa nyumbani peke yako. Jumatatu njoo tukulaze, tukuachishe kwa dawa.” Ilikuwa Ijumaa. Mimi nikaona kulazwa hospitali kwa ajili ya kuacha pombe ni aibu. Nikaona mwanaume anaacha kwa kuamua. Ijumaa saa nne usiku nikanywa bia ya mwisho, nikamwambia mke wangu imekwisha.

Jumamosi nilitetemeka mwili mzima. Jasho, moyo unakwenda mbio, chakula hakipiti, kelele za bodaboda barabarani zilinichoma kama sindano. Nilijisifu moyoni kwamba navumilia. Jumapili saa kumi na moja alfajiri nilikuwa naelekea chooni, na kinachofuata nimesimuliwa. Nilianguka sebuleni, mwili ukakakamaa, ukaanza kurukaruka, povu mdomoni. Majirani wa Pasua, mtaa tunaokaa, walijaa. Mmoja alitaka kuniingiza kijiko mdomoni, mwingine akaanza kukemea mapepo. Mke wangu aliwafukuza wote wawili. Alisogeza meza nisijigonge, akanilaza ubavu, akasubiri mwili utulie, ndipo nikapakiwa kwenye bajaji. Hakuwa amefundishwa na mtu. Baadaye nesi alimwambia kwamba ndivyo inavyotakiwa, na kijiko kingeweza kunivunja meno au kuniziba pumzi.

Nililazwa siku sita. Walinipa dawa za kutuliza ubongo, kiwango kikubwa mwanzoni kikipunguzwa kila siku, na vitamini B1 kwenye mshipa kabla hawajanitundikia dripu ya sukari. Siku ya tatu ilikuwa mbaya kuliko zote. Nilikuwa naona nyuzi nyekundu zinatoka ukutani, nyingi, zinatambaa kuelekea kitandani, na mimi nazivuta nizisokote kwenye kigurudumu. Mke wangu anasema nilisokota hewa usiku kucha. Daktari wa wodini alinieleza hivi: pombe ni kama breki kwenye ubongo, na ubongo uliobanwa na breki miaka mingi hujizoeza kukanyaga mafuta kwa nguvu zaidi ili usizimike. Ukiiachia breki kwa mara moja, gari linaruka. Ndiyo maana mtu anaanguka kama mwenye kifafa ndani ya siku mbili za kwanza, na baada ya hapo anaweza kuchanganyikiwa, na wapo wanaokufa. Kwa hiyo, ndugu yangu unayekunywa kila siku na asubuhi unatetemeka, uamuzi wako ni mzuri, lakini upeleke hospitali kwanza. Aibu ya kulazwa ni ya siku sita.

Nilipotoka, kazi ngumu ilikuwa saa kumi na moja jioni. Asubuhi zilipona upesi kuliko nilivyotarajia. Wiki ya tatu nilitunga uzi mwenyewe. Lakini saa ile ya kufunga mashine, miguu ilikuwa inajua njia ya glosari bila mimi kuiambia. Aliyenisaidia ni mzee mshona viatu wa jirani yangu pale Mbuyuni, Mwislamu, hajaonja pombe tangu azaliwe. Sikumwomba kitu, nilimweleza tu nilichopitia. Kuanzia siku ile, ikifika saa kumi na moja kasorobo, anamwita muuza kahawa, ananunua vikombe viwili na kashata, anaweka kimoja kwenye meza yangu ya kukatia. Tunakaa mpaka karibu magharibi. Hajawahi kunihubiria hata siku moja. Akiondoka kwenda kuswali, ile saa mbaya imeshapita, na mimi narudi Pasua kwa njia ya nyuma isiyopita penye kaunta yoyote. Nyumbani nakuta mtori. Nilikuwa nimesahau kwamba chakula kina ladha.

Hela nilizikabidhi. Wateja wakilipa kwa simu zinaingia laini ya mke wangu, na mimi nabaki na nauli na ya kahawa. Wapo wanaume walioniambia nimekaliwa na mke. Wawili kati yao nilikuwa nakunywa nao miaka kumi, na sasa tunasalimiana kwa mbali. Hilo liliniuma, bado linaniuma. Nilidhani tuna urafiki.

Pombe niliirudia mara moja tu. Ilikuwa Mei, kwenye msiba wa shangazi, usiku wa tatu wa matanga. Mtu akanipa bia iliyofunguliwa, nikaipokea kabla sijafikiri, zikawa tatu. Kilichoniokoa ni kwamba nilimpigia mke wangu usiku ule ule, kabla sijapata nafasi ya kutunga uongo. Alinyamaza, kisha akasema, “Baba watoto, njoo nyumbani.” Alinisubiri mlangoni. Jumatatu tulirudi kwa yule daktari dada, naye hakunigombeza. Aliniuliza nilikuwa nimekula saa ngapi, nimelala kiasi gani, nani alikuwepo. Jibu lilikuwa sijala, sijalala, na nilikwenda peke yangu. Tangu hapo msibani tunakwenda wawili, na nakula kabla ya kutoka.

Damu nilipima tena baada ya miezi mitatu, na baada ya mwaka. Vimeng'enya vya ini vimeshuka mpaka karibu na kawaida, macho yamekuwa meupe. Ganzi imepungua bila kuisha. Vidole viwili vya mguu wa kushoto bado ni vizito, na sasa nashona bila kiatu ili niisikie pedali.

Desemba ya mwaka ule niliiogopa tangu Septemba. Desemba Wachagga tunapanda nyumbani, na kwetu mwaka huo kulikuwa na mahari ya mpwa wangu. Mbege ya mahari si kinywaji cha kukataa kirahisi. Kata ikikufikia, ukoo mzima unakutazama. Nilipanda Kibosho siku mbili mapema, nikamtafuta baba mkubwa, ambaye ndiye angeongoza shughuli, nikamwambia yote, hata ya zile nyuzi za ukutani. Alisikiliza huku amekaa kwenye kigoda anapukuchua maharage. Akaniuliza, “Mkono wako sasa unatulia?” Nikamwonyesha. Akaushika, akautazama, akasema, “Mwanangu, kata ni ya kushikwa. Kunywa ni kwa anayeweza. Ikikufikia ishike kwa mikono miwili, wasalimie wazee, mpe wa kuliani kwako.”

Siku yenyewe ilipofika kwangu niliishika. Harufu ilipanda moja kwa moja kichwani, ndizi na msesewe, harufu ya bibi yangu. Niliwasalimia wazee, nikampa binamu yangu. Mmoja kutoka upande wa pili alianza kusema, “Huyu mbona...” Baba mkubwa akamkatisha: “Huyo ameshakunywa.” Shughuli ikaendelea.

Mama mkubwa alipita nyuma ya viti akaniwekea bakuli la uji wa ulezi, ule ule ulezi aliosaga kwa ajili ya mbege, haujachachuka, bado wa moto. Nilikunywa wote, akaniongeza.