Ukitaka kuachana na godoro, shika kisu

Kila mwaka ikifika Machi, kabla Bunge la Bajeti halijaanza Aprili, huwa nabadilisha magodoro. Nina kilodge hapa Nkuhungu, Dodoma, vyumba tisa, na wageni wangu wengi ni watu wa semina, madereva wa wakubwa, na wale wanaofuatilia barua yao wizarani wakiambiwa "njoo kesho" mpaka nauli inawaishia. Mgeni wa namna hiyo anasamehe maji ya baridi. Anasamehe hata televisheni yenye chaneli mbili. Godoro lenye shimo katikati hasamehi, na asubuhi anakuja kukurudishia ufunguo huku ameshika kiuno ili umuone.

Kununua jipya si kazi. Unaingia mjini, unachagua tano kwa sita la inchi nane, unalipiga ngumi mbili tatu, mnapatana bei, linafungwa juu ya kirikuu, na kabla ya alasiri limeshatandikwa. Kazi iko kwa lile la zamani. Muuza duka hana habari nalo, wala hakuulizi.

Nimesoma kwamba jimbo la Connecticut, huko Marekani, lilitunga sheria mwaka 2013 kwamba ukinunua godoro unatozwa ada kidogo hapo hapo dukani, na ada hiyo ndiyo inayogharamia godoro kuchukuliwa na kufumuliwa likishazeeka. Nikatamani. Huku kwetu, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imewakabidhi halmashauri taka ngumu zote, kwa hiyo godoro langu kisheria ni la Jiji. Jiji lina gari la taka, gari la taka lina vijana, na vijana wana msimamo wao.

"Mama, hiyo siyo taka, huo ni mzigo."

Nawaelewa. Tano kwa sita la inchi nane lina ujazo unaozidi nusu mita ya ujazo, lakini kilo zake ni kumi na kitu tu. Zaidi ya asilimia 95 ya hicho unachokilalia ni hewa. Ukilitupa garini linakula nafasi ya viroba vya nyumba kadhaa, na ukilikandamiza linarudi vile vile. Hata likifika dampo la Chidaya tabia yake haibadiliki: mtambo ukipita juu linalala, mtambo ukishapita linainuka. Wala haliozi. Tumeiaga mifuko ya plastiki tangu Juni 1, 2019, lakini sponji ya godoro nayo ni plastiki, inatokana na mafuta ya petroli, ila hii tunaivalisha shuka na kuiwekea mito, basi tunasahau.

Kwa hiyo mtaani majibu ni mawili, korongo au kiberiti.

Korongo mnalijua. Karibu mwaka mzima ni mchanga mkavu na mbuzi wanapita humo. Halafu inakuja ile mvua yetu ya kati ya Desemba na Machi, ya kumwagika yote kwa mkupuo, godoro linakunywa maji, linakuwa zito kupita maelezo, linakwenda kukaa kwenye mdomo wa kalavati. Nyumba ya chini yake inaingia maji. Aliyelitupa kalala zake juu mlimani.

Kiberiti ndicho kibaya zaidi, na hapa nitakuwa mkali. Sponji ikiwaka inatoa moshi mweusi mzito, na ndani ya moshi huo mna kaboni monoksidi, ile ile ya jiko la mkaa inayoua watu ndani wakiwa wamelala, pamoja na gesi ya sayanaidi. Hiyo ya pili watu wa machimbo ya dhahabu wanalijua jina lake na wanaliogopa. Sasa wewe unaichomea nyuma ya choo, watoto wamezunguka wanashangilia moto, upepo wa Dodoma unaupeleka moshi mpaka dirishani kwa mama mwenye kichanga. Jirani yangu mmoja alishapanga kulichoma la kwake, akanikuta nimesimama getini kwake na ndoo ya maji. Hatukusalimiana vizuri wiki hiyo.

Mtasema, si umpe tu mtu mwenye shida? Godoro hapa ukiliegemeza nje ya geti jioni, asubuhi hulikuti. Kweli kabisa. Lakini mimi kugawa nina sharti: naanza kulilalia mwenyewe usiku mmoja. Nikiamka salama, linatolewa. Nikiamka nimepinda, simpi mtu. Maskini naye ana mgongo, na hii tabia ya kumpelekea mtu kijijini kitu ulichokikataa kisha ukategemea akushukuru kwa magoti, siipendi.

Halafu kuna kunguni. Dada anayenisaidia usafi aliomba mawili ampelekee mama yake Mvumi. Tukayasimamisha ukutani usiku, tochi ya simu mkononi, tukaanza kukagua. Kunguni humtafuti katikati ya godoro. Unafuata mshono wa pembeni, ule wenye kamba iliyoshonewa ndani ya kitambaa, unaufunua taratibu kwa ukingo wa kitambulisho cha zamani, kona kwa kona. Unachotafuta ni vidoa vyeusi vidogo, mithili ya mtu aliyegusagusa kitambaa kwa ncha ya kalamu ya wino. Ukilowesha kidole na kuvisugua vinaacha rangi ya kahawia, maana ni kinyesi cha damu iliyokwisha kuyeyushwa tumboni. La kwanza lilikuwa safi. La pili, la chumba namba nne, kona moja ilikuwa na vidoa hivyo, na pembeni yake ngozi za kunguni, nyepesi, rangi ya maganda ya karanga.

"Nitalianika tu, mama," akasema. "Jua la Mvumi utani nalo?"

Si utani, lakini haliingii ndani. Kunguni na mayai yake wanahitaji joto la nyuzi 50 hivi ili wafe, na sponji kazi yake ndiyo hiyo ya kuzuia joto lisipite. Juu panaungua, wao wanahamia upande wa chini wanakaa kivulini. Na kusema liwekwe stoo mpaka wafe kwa njaa, wanaweza kukaa miezi bila kula. Akachukua moja. Alininunia mpaka kesho yake mchana.

Hilo la namba nne, na mengine yote yaliyofeli, ndiyo ya kisu. Na wala si jambo geni. Bibi yangu Mpwapwa alikuwa na godoro la sufi, ndugu walikuwa wanamletea sufi kutoka upande wa Morogoro, na kila baada ya mavuno alilifumua. Sufi inamwagwa juu ya mkeka, inapigwa fimbo mpaka inafura, vumbi linatoka, kava linafuliwa, usiku linashonwa upya. Iliyochoka kabisa inaenda shambani. Godoro lilikuwa kitu cha kufunguliwa. Hii sponji imekuja juzi tu, kemia yake ilipatikana Ujerumani mwaka 1937 kwa Otto Bayer na wenzake, na tangu ituingilie tumezoea kuona godoro ni kipande kimoja kisichogusika.

Basi unafumua mshono kwa wembe, unavua kava. Kama kuna kunguni, kava linaingia moja kwa moja kwenye maji yaliyochemka, usilizungushe ndani ya nyumba kwanza. Ndani utakuta sponji imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Pale kiunoni imekufa, ukiibonyeza inabaki na alama ya vidole na inaachia unga. Lakini sogea pembezoni, au kule miguuni, bado inaruka. Hapo ndipo penye faida, na ukilitupa zima unaitupa pamoja na uozo wake. Kata kwa kisu cha mkate chenye meno, maana cha nyama kinavuta na kuchana. Funga kanga puani. Usifanye kazi hii Agosti kwenye upepo, utagawia mtaa mzima chenga. Yenye wasiwasi wa kunguni ikate vipande vyembamba uvimwagie maji ya moto vilowe kabisa. Ikiwa nyembamba hivyo joto linafika mpaka ndani.

Mteja wangu mkubwa ni fundi lipu. Tangu Serikali itangaze mwaka 2016 kwamba inahamia huku kweli, sijaona wiki ambayo mtaa wetu haukuwa na nyumba inayopanda. Lipu ikishapigwa rula na kabla haijakauka, fundi analowesha kipande cha sponji, anakamua, anasugua ukuta kwa kuzungusha mpaka mistari yote inapotea. Kipande kinaliwa na mchanga, kesho anataka kingine. Yeye ananiambia ya zamani anaipenda kuliko mpya. Sijui kama ni kweli au ananisifia ili nisimtoze. Simtozi hata hivyo.

Fundi makochi anachukua za miguuni, kwa ajili ya mikono na migongo ya makochi. Kwenye kikalio nilimkataza, na nilimwambia mteja wake aambiwe kwamba ni sponji iliyotumika. Akacheka. Siwezi kumlinda kila mnunuzi wa kochi Dodoma, lakini nimesema. Fundi siti za bodaboda naye huja, huyo anataka vipande vigumu tu, hana maneno mengi.

Anayenifurahisha ni kijana wa upande wa Nala anayebeba maji kwa punda. Kamba za madumu zilikuwa zimemtoboa mnyama mgongoni, kidonda na nzi juu yake. Nilimkatia kipande kirefu, tukakivalisha kitambaa cha pamba kilichotoka kwenye kava la godoro lile lile, maana sponji tupu kwenye ngozi inashika jasho na kuchubua upya. Nilimwambia amuache punda apone kwanza. Alisema sawa, kwa ile sauti ya mtu mwenye oda za maji.

Kuku msiwatandikie, wanadonoa na kumeza.

La spring lina utaratibu wake. Unahitaji koleo na uvumilivu, chini ya kitambaa kuna tabaka la matambara yaliyosagwa, kisha waya. Waya wanunuzi wa vyuma chakavu wanapima kwa kilo. Fedha yake ni ya soda, ila wanakuja wenyewe kuuchukua. Ule unga na vipande vya kiunoni vilivyokufa naingiza kwenye kiroba, nafunga, na vijana wa gari la taka wanakirusha juu bila neno. Walichokataa kikiwa godoro wanakipokea kikiwa kiroba.

Mwaka huu stoo imebaki na la spring la chumba namba saba, sijalianza, na viroba vya vipande vizuri vya pembeni, vyote vya magodoro safi. Fundi lipu amesema atapita Jumamosi, na fundi akisema Jumamosi mnajua wenyewe. Aliye karibu na Nkuhungu akivihitaji awahi kabla yake, aje na kiroba chake, changu anirudishie.