Mngojaneni

Bwana asifiwe, wapendwa. Somo la juma hili ni 1 Wakorintho 11:17-34, pale Paulo anapowakemea Wakorintho kwa jinsi walivyokula chakula cha Bwana walipokutana.

Paulo alipoandika waraka huu, Wakristo wa Korintho hawakuwa na jengo la ibada. Walikutana majumbani, na Gayo anatajwa kuwa mwenyeji wa kanisa lote (Warumi 16:23). Mji wenyewe ulikuwa umeanzishwa upya na Warumi mwaka 44 kabla ya Kristo, na jinsi tajiri wa Kirumi alivyoishi tunaiona vizuri Pompeii, mji uliofukiwa na majivu ya mlima Vesuvius mwaka 79 baada ya Kristo.

Ukiingia mlangoni unapita ushoroba mwembamba, unatokea kwenye ukumbi uitwao atriamu. Katikati paa limeachwa wazi, na mvua inaangukia kwenye kidimbwi kilichochimbwa sakafuni. Hapo ndipo wanyonge walipokuja asubuhi na mapema kumwamkia bwana mkubwa na kumweleza shida zao. Chumba cha kulia kilikuwa kitu kingine kabisa. Vitanda vitatu vilipangwa pande tatu za meza, kwa desturi watu watatu kila kitanda, wamejilaza wakiegemea kiwiko cha kushoto. Tisa tu! Na kila nafasi ilikuwa na heshima yake. Mwandishi mmoja Mrumi, Pliny Mdogo, anasimulia karamu ambayo mwenyeji aligawa divai ya aina tatu: nzuri yake na wageni wakubwa, hafifu ya marafiki wa chini, na nyingine ya watumwa walioachwa huru.

Sasa liingize kanisa zima humo. Wafafanuzi wengi wanaona kwamba wenye nafasi walitangulia chumbani, na waliobaki wakabanana ukumbini. Mtumwa naye hakuwa na saa yake. Alifika alipoachiwa na bwana wake, akakuta sahani tupu. Ndiyo maana Paulo anafoka: "huyu ana njaa, na huyu amelewa."

Ungetegemea atoe amri kubwa. Anasema tu: "mkutanikapo mpate kula, mngojaneni." Mimi naona hapo ndipo alipowabana hasa. Katika nyumba ile mtumwa ndiye aliyezoea kusimama akingoja bwana ashibe. Sasa bwana anaambiwa ajizuie, chakula kikipoa, mpaka mtumwa amalize kazi na kufika.

Nasi tuna ibada zetu za nyumba kwa nyumba. Wazee wa kanisa wanakaa kwenye makochi, vijana kwenye mabenchi pale barazani, na dada wa kazi yuko jikoni anachemsha chai tangu wimbo wa kwanza hadi sala ya mwisho. Neno linampita, halafu anakuja kutunawisha mikono.

Tutakapokutana juma hili, mwenye nyumba azime jiko kwanza, amwite dada aje aketi nasi, ndipo tufungue Biblia. Chai tutapika wote baadaye.