Karatasi kwenye nyuzi
Wapenzi wa muziki wa kantri hapa Lubumbashi, ule mchakacho wa Johnny Cash kwenye "I Walk the Line" (1956) si ngoma. Ni karatasi! Ikunje iwe utepe wa upana wa kidole, ipitishe juu ya uzi wa kwanza, chini ya wa pili, hivyo hivyo hadi wa sita, karibu na daraja la gitaa (pale nyuzi zinaposhikwa kwenye mwili wake). Ukiisogeza sana kuelekea shingoni, nyuzi zinazimika, gitaa linagonga kama ubao. Ya daftari huchanika upesi. Noti kuukuu ya franka mia tano inavumilia (usiitumie ya mwenzako). Kisha weka albamu ya Cash, "At Folsom Prison", iliyorekodiwa gerezani mbele ya wafungwa, tarehe 13 Januari 1968. Tafuta spika kubwa, jamani. Kwenye simu besi ya Marshall Grant, mpiga besi wa Cash, haisikiki.