Siku yangu katika ofisi ya mipango: madarasa ya 2028 yanahesabiwa leo

Watu wengi wakisikia kwamba mtu ni afisa mipango wa halmashauri hudhani kazi yake ni kukaa kwenye kiyoyozi na kugawa fedha kwa shule anazozipenda. Mimi kiyoyozi sina, na fedha sigawi. Kazi yangu ni kuhesabu watoto ambao bado hawajafika darasa wanalohesabiwa, kisha kuwaeleza watu wenye haki ya kudai kwa nini zamu yao haijafika. Hii ni siku moja ya Januari 2026 katika halmashauri ya wilaya huku Kanda ya Ziwa, wakati shule zinafunguliwa na bajeti ya mwaka wa fedha 2026/27 inaandaliwa.

Saa 1:30 asubuhi nimesaini daftari la mahudhurio, nimekunywa chai kwa mama wa kantini na kupanga mafaili.

Saa 2:15 anaingia afisa takwimu wa elimu na idadi ya wanafunzi kutoka shuleni. Hesabu yenyewe si ngumu: kiwango cha shule ya msingi ni wanafunzi 45 kwa chumba, hivyo shule yenye watoto 900 inahitaji vyumba 20, na vyoo huhesabiwa kwa tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Ugumu ni kuitazama hesabu hiyo miaka kadhaa mbele. Elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, madarasa ya kwanza yalifurika nchi nzima, na mtu yeyote mwenye kalamu angeweza kuona kwamba watoto wale wangebisha hodi kidato cha kwanza Januari 2023. Hata hivyo, vyumba 8,000 vya kuwapokea vilijengwa mwishoni mwa mwaka 2022, kwa shilingi milioni 20 kila kimoja, mafundi wakipiga lipu usiku kwa taa za jenereta.

Safari hii mzigo ni mkubwa zaidi. Kwa sera mpya, elimu ya msingi inaishia darasa la sita, na watoto walioanza mtaala mpya wakiwa darasa la tatu mwaka 2024 watamaliza mwaka 2027 pamoja na wenzao wa darasa la saba la mwisho. Makundi mawili yataingia kidato cha kwanza Januari 2028, katika mfumo ambao sasa unaifanya miaka kumi ya shule kuwa ya lazima. Mwaka wa fedha ukianza Julai, maana yake tumebakiwa na bajeti moja na nusu. Wapo wanaosema tujenge maradufu kila sekondari, lakini kundi hilo la ziada litapita na kutoka baada ya kidato cha nne, na papo hapo shule za msingi zitakuwa na darasa moja pungufu. Kwa maoni yangu, pale ambapo shule ya msingi na sekondari zinapakana uzio, tuanze kupanga sasa vyumba vipi vya shule ya msingi vitahamia sekondari, kabla ya kuchimba msingi wa jengo hata mmoja.

Nilikuwa katikati ya jedwali hilo, yapata saa 4:00, alipoingia Mheshimiwa Diwani wa kata moja, aliyepata udiwani katika uchaguzi wa Oktoba 2025. Hakukaa.

“Bwana Mipango, boma langu la madarasa mawili limo kwenye bajeti au halimo?”

Nikamweleza kwamba fedha za kukamilisha boma, yaani jengo ambalo wananchi wameinua kuta lakini halijaezekwa, zimekuwa zikikadiriwa shilingi milioni 12.5 kwa chumba, na kwamba halmashauri kama yetu hutenga asilimia 40 ya mapato ya ndani yasiyolindwa (yasiyofungwa kwa matumizi maalumu) kwa ajili ya maendeleo yote, yaani barabara za ndani, zahanati na masoko pamoja na shule. Nikamwonyesha pia sekondari ya kata yake na hesabu ya 2028. Akaniangalia kama mtu aliyesomewa hukumu kwa lugha ya kigeni.

“Wananchi wangu wamebeba mawe kichwani. Wewe unanipa habari za watoto ambao hawajamaliza hata darasa la sita?”

Tulibishana hivyo mpaka mhandisi akachoka kutusikiliza kupitia ukuta wa mbao, akaja na kofia yake ngumu mkononi na kusema twende tukalione hilo boma. Gari halikuwa na mafuta. Kibali cha mafuta kilihitaji saini ya mtu aliyekuwa kikaoni, na kikao kilimalizika saa saba. Barabarani hatukuzungumza.

Kijijini wazee wa kamati ya shule walikuwa wametungoja chini ya mwembe tangu asubuhi. Boma kwa mbali lilipendeza: kuta nne, madirisha yameachwa vizuri. Mhandisi hakusema neno; alichukua ufunguo wa gari, akaukwaruza kwenye kiungo cha tofali, na mchanga mkavu ukamwagika juu ya kiatu chake. Akazunguka. Linta haikuwapo, nondo hazikuwapo, na pembe ya nyuma ilikuwa na ufa unaopitisha kidole.

“Shikamoo, baba,” nilimwambia mwenyekiti wa kamati.

“Marahaba, mwanangu. Tuliuza mahindi tukanunua hiyo saruji. Mifuko haikutosha, fundi akasema inatosha.”

Ramani ya darasa iko ofisini kwa mhandisi na hutolewa bure, lakini hakuna aliyewaambia. Mhandisi akawaeleza kwa upole kwamba kuezeka juu ya kuta zile ni kuwawekea watoto kenchi na mabati vichwani, na kwamba msingi ni imara, unaweza kubaki, ila kuta zishuke. Diwani akalipuka: alikuwa ameahidi paa, sasa arudi kuwaambia watu wabomoe? Maneno yake yalikuwa makali, na sikuwa na jibu la kumpoza, kwa sababu alikuwa sahihi kuhusu mawe na mahindi, na mhandisi alikuwa sahihi kuhusu ukuta.

Tulirudi giza limeshaingia. Sijui nilikula saa ngapi. Nadhani ni zile ndizi za barabarani. Ofisini mtandao ulikuwa unakatika, na PlanRep, mfumo wa kompyuta tunaoandalia mipango na bajeti, ulinitoa kila nilipokaribia kuhifadhi. Nikaufuta mstari wa ukamilishaji wa boma, nikaandika ujenzi mpya juu ya msingi uliopo, nikaupeleka mwaka wa pili wa mpango, na fedha za mwaka wa kwanza nikazielekeza sekondari ya kata ileile, pamoja na matundu ya vyoo ambayo hakuna diwani aliyewahi kuja kuyadai.

Diwani akapiga simu, akataka nimsomee mstari wake neno kwa neno. Nikamsomea. Akasema atalibeba jambo hilo mpaka Baraza la Madiwani la bajeti. Nikamjibu kwamba ni haki yake, na kwamba taarifa ya mhandisi nitaiambatanisha kwenye kabrasha la kikao.