Siku moja maishani mwangu: mpishi wa jioni Kamalondo

Saa mbili asubuhi. Mwezi wa sita Lubumbashi ni baridi. Wasiotujua wakisikia Kongo wanafikiria joto na msitu, lakini mji huu umekaa juu, kwenye mita 1,200 hivi, na asubuhi za kiangazi mtu anavaa koti hata kwenda kuoga. Nakunywa chai, nawatoa watoto waende masomo, nashika njia ya soko la Kenya, mtaa wa humu mjini. Baa yetu iko Kamalondo, mtaa mwingine wa mji huu, na inafunguliwa jioni, lakini chakula chake kinaamuliwa saa hizi, mbele ya wauza unga.

Unga wa mahindi ndio unaonisumbua akili. Mwingi unatoka Zambia kupitia mpaka wa Kasumbalesa, na lolote likitokea upande ule sisi tunalisikia kwenye bei ya meka, kipimo cha unga sokoni. Mwaka 2024, ukame ulipokausha mahindi ya Zambia, unga ulipanda hadi bosi wetu, Mama Mukubwa, akasema tupunguze donge la bukari, ugali wetu. Nikakataa. Mtu wa hapa atavumilia muziki wa kelele na kiti kinachoyumba, lakini umpunguzie bukari uone kama atarudi. Yeye anahesabu chupa, mimi nahesabu sahani, na hapo hatujawahi kuelewana vizuri.

Saa nne. Lengalenga (mchicha), sombe (majani ya muhogo) iliyokwisha kutwangwa, nyanya, vitunguu, ndakala (dagaa). Samaki wa Kasenga, wale wa mto Luapula, leo wako bei ya harusi. Nachukua tomsoni, samaki wa bahari, wa barafu kutoka Namibia. Hakuna mteja atakayelalamika, mradi samaki akaangwe vizuri na nyanya isiwe ya kuonjesha tu.

Saa saba. Bia inaletwa. Simba na Tembo zote zinapikwa humu humu mjini, lakini hupewi kazie (kreti) iliyojaa kama hukurudisha tupu. Kwa hiyo kijana wetu wa kaunta analinda chupa tupu kuliko zilizojaa. Mteja akitaka kutoka na chupa yake barabarani, anafuatwa hadi kona.

Saa tisa nawasha mbabula, jiko la mkaa. Makala, ndiyo mkaa, nayo yamekuwa mambo: miti ya karibu na mji imekwisha kukatwa, magunia yanatoka mbali, na umbali huo tunaulipa sisi. Natanguliza sombe, maana ndiyo inayokaa motoni muda mrefu, kisha samaki. Lengalenga inangoja mwisho.

Saa kumi na moja na nusu. Jua limeshashuka. Muchoma michopo anafika na nyama yake ya mbuzi, anatandaza moto pale mlangoni. Yeye si mfanyakazi wetu. Ana biashara yake, sisi yetu. Moshi wake unatuletea watu, viti vyetu vinamwekea watu. Ukitaka michopo unatoka nje, unaonyesha kipande kwa kidole, unarudi kukaa, naye anakuletea juu ya karatasi na kitunguu, chumvi na pilipili. Kwa baridi hii meza za karibu na moto wake ndizo zinazojaa kwanza, na wengi wanaomba Simba ambayo haikuguswa na frigo.

Saa moja usiku ndiyo kazi yenyewe. Bukari siipiki mapema, na hilo nimemwambia kila mtu. Ikikaa inafanya ngozi juu, inapoteza ladha. Wengine wanaifunga ndani ya sashe ya plastiki ili ibaki na joto. Mimi plastiki na chakula cha moto sivipatanishi. Maji yachemke, uji mwepesi utokote sawasawa, ndipo unga uongezwe na mwiko ugeuzwe hadi mabega yaume. Ukiharakisha, unga unabaki mbichi katikati, na mtu mzima anajua kwa tonge la kwanza.

Kutoka ndani mteja ananiita yaya, yaani dada mkubwa: "Yaya, bukari iko wapi? Tuko na njala!"

"Inakuya, papa. Kunywa kwanza."

Na kweli anakunywa. Hapo ndipo hata Mama Mukubwa hawezi kunipinga: wanaongoja bukari ndio wanaoagiza chupa ya pili.

Saa mbili na nusu mpira unaanza, ingawa hakuna mechi kwenye televisheni. Uwanja wa klabu ya Mazembe uko humu Kamalondo, lakini watu wa Lupopo, wapinzani wao wa mji huu huu, nao wanakuja kula kwetu. Mzee mmoja anakumbusha kwamba mwaka 2010 Mazembe ilikuwa klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu. Anataka kuonyesha jinsi kipa Kidiaba alivyorukaruka kwa makalio. Tunamwomba aangalie meza. Wa Lupopo, akimenya mfupa, anajibu bila kuinua kichwa: "Na kwa fainali, Inter iliwapiga ngapi?" Tatu kwa sifuri. Kicheko hadi nje.

Saa tatu na nusu umeme unakatika. Simu zinawashwa kama taa, hakuna anayeondoka. Kijana mmoja analipa kwa noti ya dola tano yenye mpasuko mdogo pembeni. Kijana wa kaunta anaimulika, anatikisa kichwa. Franka iliyochakaa kama kitambaa tunapokea, dola iliyopasuka kidogo hapana, maana kesho hakuna atakayeipokea kwetu. Analipa kwa simu, akinuna.

Saa tano kasoro, sufuria zimeoshwa, anaingia dereva wa teksi. "Mama, bukari bado iko?" Samaki amekwisha. Namwambia iko ndakala tu, na angoje bukari. Anavuta kiti karibu na mbabula, anaomba Tembo moja.

Wakati anakula, Mama Mukubwa anahesabu chupa tupu, halafu anaandika vya kesho kwenye daftari: makala, mafuta, ndakala, unga meka zilezile. Nachukua kalamu, naongeza mbili.