Nilivyojifunza kukwangua lami bila kuchimba mtaro

Opereta mmoja mzee, aliyeshika mashine za barabara tangu mimi sijaanza shule, aliniambia: "Mwanangu, weka 50 kulia na kushoto, mengine mashine inajua yenyewe." Nilimwamini, na nikachekwa wiki nzima.

Tulikuwa kwenye barabara ya TANZAM, ile ya kutoka Tanzania kwenda Zambia, kwenye mwinuko ambao malori ya Tunduma huupanda kwa mwendo wa kinyonga, na lami ilikuwa imebonyea njia ya magurudumu na kufura kando yake. Kazi ilikuwa kuondoa milimita 50. Mkato wa kwanza ulipendeza machoni, hadi msimamizi alipolaza rula ya mita 3 na kupenyeza vidole chini yake: bamba la pembeni, ambalo ndilo huipa mashine kipimo, lilikuwa limepanda na kushuka pamoja na mawimbi ya lami kuukuu, nami nikawa nimeyanakili kwa uaminifu, milimita 50 chini zaidi. Hilo lilikuwa dogo. Kwenye mkato wa pili bamba la upande mmoja lilikanyaga sakafu niliyokwisha kuikwangua, nami, kwa utii wangu kwa mzee, nikaacha 50 ileile badala ya sifuri. Dramu, lile pipa la chuma lenye meno linalokwangua lami, ikainama, ikala 100 upande huo, na mkanda ukaanza kumwaga kokoto za tabaka la chini ndani ya lori. Dereva alichungulia akauliza kama tumepewa kazi ya kuchimba kisima.

Kesho yake, upande wa lami isiyoguswa, niliachana na bamba nikafunga vihisi 3 vya mawimbi ya sauti kwa urefu wa mashine, ili kompyuta ichukue wastani wake badala ya kufuata kila bonde; mteremko wa kuelekea ukingoni nikaukabidhi kihisi cha mlalo, asilimia 2.5. Upepo wa mlimani ulipovivuruga vihisi, nilivikinga kwa kipande cha turubai, na hilo sikufundishwa na mtu. Sifuri ya kuanzia kipimo cha kina nayo haitafutwi kwenye skrini: dramu hushushwa taratibu ikizunguka, mpaka meno yaanze tu kukwaruza pande zote mbili, na ukibadilisha meno unaanza upya. Hata hivyo niliendelea kupima ukingo kwa futikamba yangu kila baada ya hatua kumi.

Jioni mzee alikuja, akalaza rula, akaihamisha, akailaza tena, kisha akaenda kunywa chai bila kusema neno.