Masikini Aliye Vumbini

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, ndugu zangu.

Wiki hii kilichonikaa moyoni ni baiskeli. Mwanangu na wenzake wa chuoni wanataka kuendesha kutoka Konde mpaka Mkoani, njia tunayowasindikizia mahujaji wetu wanapoteremka bandarini kupanda boti. Kila kilomita itafutiwe mtu wa kuitolea pesa, na pesa ziende kwa wasio na pa kulala. Nimeogopa, kama mama yeyote. Barabara zetu za Pemba mnazijua: miinuko, makona, na magari ya mizigo yasiyo na subira. Nimesali, nimemkabidhi mwanangu kwa Mola wake, nimemwambia nenda.

Wazo wamelipata kwa Wakristo wa Ulaya. Kule Uhispania ipo njia ya mahujaji ya kwendea mji wa Santiago de Compostela. Wanaoanzia Saint-Jean-Pied-de-Port, upande wa Ufaransa, hupanda milima ya Pyrenees na kusafiri kilomita zinazokaribia 800. Wengi huenda kwa miguu, wengine kwa baiskeli, na wa baiskeli hapewi hati ya hija mpaka atimize angalau kilomita 200. Miongoni mwao wapo wanaochangisha njia nzima kwa ajili ya watu wasio na makazi huko kwao.

Mzee mmoja wa mtaani alinipitia kuniuliza kama sasa tumefika pahala pa kuiga makanisa. Namheshimu, na swali lake ni la haki. Lakini Mtume wetu (S.A.W.) alipowakuta Mayahudi wa Madina wamefunga Ashura kumshukuru Mungu aliyemuokoa Musa, alisema sisi tuna haki zaidi kwa Musa, akafunga na akaamrisha ifungwe. Wala hakuna anayesema kuendesha mpaka Mkoani ni hija. Hija ni moja na pahala pake panajulikana. Hii ni sadaka, basi.

Nikiwa bado nahangaika na ile miinuko, ikanijia Suratul Balad. Allah anasema mwanadamu hakujitosa kuipanda njia ngumu ya mlimani. Kisha anauliza: nini kitakachokujulisha njia hiyo ni ipi? Ni kumwacha huru mtumwa, au kumlisha siku ya njaa yatima aliye jamaa, au masikini aliye vumbini. Sahaba Ibn Abbas (R.A.) amemfasiri huyo wa mwisho kuwa ni mtu aliyetupwa njiani, hana nyumba. Waliokwenda Makka mnaujua usiku wa Muzdalifa, tajiri na fukara wamelala juu ya mchanga bila ya paa. Lakini alfajiri mnaondoka kwenda Mina, na baada ya siku chache mko majumbani. Huyu wa vumbini kukipambazuka hana pa kwendea.

Sasa niseme linaloniuma. Watoto watachangisha, nyinyi mtatoa, nami nitatoa. Lakini nani aliyemweka mtu huyu nje? Hapa kwetu hakuna mtu asiye na ukoo. Anayelala kwenye baraza ya duka Chake Chake ana mjomba, ana shangazi, na pengine lipo shamba la mikarafuu lililogawiwa bila ya yeye kuitwa. Mwanamke anaachwa leo, kesho nguo zake zimefungwa ndani ya kanga zimewekwa barazani. Suratut Talaq imekataza wazi: msiwatoe majumbani mwao, ila wakifanya uchafu ulio dhahiri; na wawekeni mnapokaa nyinyi kwa kadiri ya uwezo wenu, wala msiwadhikishe. Waume wanaishika aya inapozungumzia talaka, inapozungumzia nyumba hawaisomi. Na sisi wanawake tusijitoe katika hili, maana mara nyingi ni mama mkwe na mawifi ndio wanaozitoa hizo nguo. Kijana naye aliyeacha dawa za kulevya akitoka soba, nyumba ya kuwasaidia wanaoziacha, anakuta kufuli jipya mlangoni kwao. Mwogopeni Allah, ndugu zangu! Tunamtupa mtu kwa mikono yetu, halafu tunamchangia.

Marehemu baba yangu, Allah amrehemu, hakuwa na mali. Alikuwa na chumba cha uani cha kuwekea karafuu, na msimu ukiisha chumba kile hakikukaa kitupu. Aliwahi kukaa humo bibi mmoja aliyeachwa uzeeni, si jamaa yetu, mpaka alipofariki, na jeneza lake likatoka mlangoni kwetu. Mama akisema chakula hakitoshi, baba alimsomea habari za Ahlu Suffa, wale Masahaba mafukara waliokuwa wakiishi barazani kwenye Msikiti wa Mtume. Mtume (S.A.W.) alisema mwenye chakula cha wawili amchukue wa tatu. Abubakar akaja kwake na watatu. Mtume mwenyewe akaondoka na kumi, na hiyo ndiyo nyumba ambayo mkewe, Bi Aisha (R.A.), anatuambia miezi ilikuwa ikipita haujawashwa moto wa kupikia. Mama alinyamaza, akaongeza maji kwenye mchuzi.

Basi watoto wakipita kwenu wapeni, hata kama ni shilingi elfu, na muwaombee wafike salama. Ila nina ombi jengine zito zaidi. Yupo mwenzetu, simtaji, yumo ndani ya eda, muda wa kungojea baada ya kuachwa, na analala ukumbini kwa jirani, yeye na wanawe. Wazee wameshakwenda kuzungumza na mume, na hatutaacha kumkumbusha wajibu wake. Mpaka atakapoutimiza, mwenzetu anahitaji chumba chenye mlango unaofungika. Wengi wetu tunacho, kimejaa maguni na viti vibovu. Darsa letu ni Alkhamisi baada ya Alasiri. Mwenye chumba anione kabla ya hapo. Godoro na chandarua ninavyo.